Kujitolea Diani: maswali ya mbega, kima, kasa na ploti ambayo tunaulizwa kila wiki

Haya ni maswali tunayoulizwa sisi tunaojitolea kulinda msitu na wanyama wa Diani, pwani ya Kenya. Yametoka kwa grupu la WhatsApp, barazani, dukani, na kwa watu wanaotusimamisha Beach Road tukiwa na magunia na panga wakidhani tumetumwa kuvunja kibanda cha mtu. Ukiona swali lako halipo soma lililo karibu nalo, mara nyingi jibu ni lilelile.

## Mambo ya mwanzo

Kwani nyinyi ni nani? Watu wa serikali?

Hapana. Ni majirani. Kuna mwalimu, mama wa chapati, fundi wa AC, askari wa geti wawili, vijana wa boda, na wazee wachache waliostaafu wakaamua kuishi hapa. Hatuna sare wala bunduki wala mamlaka ya kumshika mtu.

Kisheria mnyama wa porini ni wa serikali na msimamizi wake ni KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kumkamata, kumhamisha, kumtibu, hizo zote si kazi zetu. Halafu wapo Colobus Conservation, wako hapahapa Diani tangu 1997, wao ndio wenye ujuzi wa kutibu nyani na kima walioumia. Sisi ni mikono tu, na macho, maana tunakaa huku na tunaona mambo kabla hayajafika ofisini.

Mji umejaa mahoteli hivi, bado kuna nini cha kuhifadhi?

Simama Beach Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla matatu hazijaanza fujo, halafu inua macho. Msitu wenyewe haujaisha, umekatwakatwa tu. Huu ni msitu wa pwani unaoota juu ya mwamba wa matumbawe, udongo kidogo, mashimo mengi, mibuyu ya miaka na miaka, na vipande vyake vimebaki katikati ya ploti na nyuma ya kuta za watu. Humo mna mbega, kima, tumbili, nyani, komba usiku, paa wadogo, kanu, kenge, kanga. Na bado hujafika kwa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Kwa hiyo hifadhi ya hapa haifanani na ile ya Tsavo yenye geti na tiketi. Mbega anayelala kwako leo kesho anakula kwa jirani na kesho kutwa anavuka barabara, ndio maana mtu mmoja mwenye ploti nzuri hawezi kufanya kitu peke yake.

Mbega, kima, tumbili, si wote ni nyani tu?

Hapana bana, na ukichanganya utatupa ripoti ya uongo. Mbega ni mweusi, ana manyoya meupe marefu mabegani na kuzunguka uso, mkia mrefu, na hana kidole gumba cha maana. Anakula majani zaidi, tumbo lake lina vyumba vyumba kama la ng'ombe, ndio maana mchana utamkuta amekaa tu kwa tawi, majani yakichachuka tumboni taratibu. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Kima ni mkubwa wa kijivu na shingo nyeupe, huyo ndiye mwenye kufungua dirisha. Tumbili ni mdogo, uso mweusi, rangi ya majani makavu. Nyani unamjua.

Kwa hiyo mtu akipiga simu kwamba mbega kaiba mkate, tunajua kabla hatujafika kwamba ni kima. Mbega haibi mkate, mkate unaweza kumuua.

Mbega wa huku ni aina inayopatikana pwani ya Kenya na kuendelea mpaka Tanzania, na kwa Kenya nzima wako hasa hapa Kwale. Wale wa Naivasha na Mlima Kenya ni wengine.

Nitalipwa? Nahitaji cheti?

Hulipwi, na cheti hatuulizi. Chai na mahamri ipo. Viatu vya kufunika vidole ni lazima, ule mwamba unakata kama wembe na kila mwezi kuna mtu anakuja na ndala halafu anarudi anachechemea.

## Kazi zenyewe

Jumamosi ya kawaida inakuwaje?

Tunakutana Kona ya Musa mapema, tunahesabiana, tunagawana. Kundi moja taka, jingine mitego, jingine miche. Watu wengi wapya wanataka mitego maana inasikika kama sinema, na tunawaambia waanze na taka. Si adhabu. Ukichambua gunia moja la taka lililotolewa nyuma ya mgahawa, mifupa ya kuku, maganda ya ndizi, nepi, mkate wa jana, utaelewa kwa nini kima wa mtaa ule wana tabia mbaya kuliko wa mtaa wa pili. Hiyo elimu huipati kwa semina.

Saa nne jua limekuwa kali, tunamaliza.

Mtego unaonekanaje na nikiuona nifanye nini?

Mara nyingi ni kitanzi cha waya, waya wa breki ya baiskeli au uliochomolewa kwa tairi kuukuu, au kamba ya nailoni. Unafungwa kwa mti mdogo, urefu wa goti au chini yake, kwenye kijia cha paa. Ukitazama utaona matawi makavu yamepangwa pande mbili kama uzio mdogo, yaani mnyama aelekezwe katikati. Mimi nilikaa mwezi mzima napita karibu na mmoja bila kuuona mpaka siku nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, na pale chini ndio nikaona duara likimeremeta, safi kabisa, limesuguliwa na mkono wa mtu.

Ukiuona peke yako piga picha, weka alama ya mahali kwa simu, toka, tujulishe. Usikae pale kumsubiri mwenyewe. Tukiwa kundi tunaukata, tunaandika sehemu na aina ya waya, tunaondoka nao. Tusipoondoka nao utarudi kazini wiki ijayo.

Na kama ni mtego wa mtu unayemjua, nenda chini kabisa, kuna swali lake.

Zile ngazi zinazoning'inia juu ya barabara ni za nini?

Ni madaraja ya mbega. La kwanza liliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu Beach Road ilikuwa inaua. Mbega anaishi juu, chini hana raha, akishuka kuvuka anasitasita katikati na gari haimsubiri. Sasa yapo karibu 30, ni waya wa chuma na mabomba ya plastiki na mpira, yamefungwa mti kwa mti. Kima nao wanayatumia sana, na tumbili pia.

Usipande kupiga selfii. Nimeshaona mtu akijaribu, ndio maana naandika. Kazi ya wanaojitolea ni kutazama kutoka chini: kama mti wa upande mmoja umekatwa, umekauka, au daraja limelegea, tunaripoti. Daraja ambalo mti wake wa mwisho umegeuzwa kuwa geti la ploti halina faida kwa mtu.

Na stima? Naona mnasema sana habari ya nyaya.

Kwa sababu nyaya zinaua, na mbega ndio wanaoongoza kwa kufa humo. Wanaruka mti kwa mti, pale mti ulipokatwa wanatumia waya kama tawi, na akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja basi. Dawa ni mbili, waya ufunikwe na plastiki, na matawi yapogolewe yasiufikie.

Kupogoa karibu na waya wenye stima si kazi ya kujitolea. Rudia hiyo sentensi. Tuna kijana alipanda na panga kwa nia njema na tulimshusha kwa matusi. Tunachofanya ni kutembea na daftari, kuandika namba ya nguzo na aina ya mti, kisha orodha inakwenda kwa wanaohusika. Mara nyingine tunasubiri. Nguzo moja karibu na kwetu tuliiandikia mara tano, na mara ya tano nilipiga picha ya zile barua nne za kwanza nikaziambatanisha.

Hesabu ya kila mwaka ya mbega na wenzake, nami naweza kuingia?

Ndio, ukijifunza kwanza kutofautisha (rudi juu, swali la mbega na kima). Unatembea kwa mstari na wenzako, kimyakimya, unahesabu kundi, wakubwa wangapi, watoto wangapi. Ugumu wake ni kuingia kwenye ploti za watu. Ruhusa inaombwa siku kadhaa kabla, kwa mwenye nyumba ama kwa askari wa geti, na askari wa geti ukimheshimu atakuambia mengi kuliko hesabu yenyewe, maana yeye ndiye yuko macho usiku kucha.

Kwa nini mnang'oa mwarobaini? Si ni dawa?

Hili swali linatuletea ugomvi kila mara, hasa na kina mama, na wana haki ya kuuliza. Mwarobaini ni dawa, jina lenyewe linasema magonjwa arobaini, mimi mwenyewe nimeogeshwa majani yake nikiwa na tetekuwanga. Hatuugusi ulio uani kwako.

Shida ni kwamba asili yake si hapa, ulitoka upande wa Bara Hindi, na matunda yake matamu yanaliwa na ndege na kima, mbegu zinaangushwa ndani ya msitu, halafu unaota kwa wingi na haraka kuliko miti ya kwetu. Kuna vipande ambavyo ukiinama chini huoni mche wa kitu kingine. Tunang'oa miche midogo kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Ule mkubwa ukiukata tu unachipua tena kwenye kisiki, unapata mitano badala ya mmoja, kwa hiyo tunaanza na midogo.

Tunapanda mkwaju, mbambakofi, msandarusi, mkuyu, mbuyu kwa mwenye subira. Wakati ni mwanzo wa mvua ya mwaka, Aprili hivi. Usituletee miche Januari, itakufa na wewe utakasirika.

## Nyumbani kwako

Kima wanaingia jikoni kila siku, mje muwahamishe.

Hatuwezi na hata KWS hawapendi kufanya hivyo kirahisi. Ukimhamisha kima, anapelekwa kwenye eneo la kima wengine anapigwa, na nafasi yake hapa inajazwa na mwingine ambaye ataona lile dirisha lako.

Tukija kwako hatuangalii kima, tunaangalia pipa. Lina kifuniko? Kifuniko kina kufuli au jiwe? Ndizi zinakaa wapi? Dirisha la jikoni lina wavu wa chuma au wa plastiki, maana wa plastiki anautoboa kwa dakika mbili. Nani anawalisha kwa jirani? Nyumba moja kule Galu walilalamika miezi, tukaja, tukakuta mpishi anaacha maganda ya maembe kwenye ngazi ya nyuma "yakauke kidogo". Yaliondolewa, na ndani ya wiki tatu hivi kima walikuwa wanapita tu bila kusimama.

Lakini watalii wanapenda kuwalisha, na ni ndizi moja tu.

Ndizi moja ya kila mtalii. Kima akizoea mkono wa mtu, siku mkono hauna kitu anauma, na akishauma mtu ndiye anayeuawa. Kwa mbega ni mbaya zaidi, lile tumbo la majani halijatengenezwa kwa mkate na sukari. Kama unafanya kazi hotelini mwambie mgeni kwa upole, mwambie picha ya kima anayekula ukwaju juu ya mti ni nzuri kuliko ya kima mwenye chipsi. Wengi wanakubali.

Manati je? Sumu?

Sumu hapana kabisa, ni kosa, na itamla paka wako na kenge na kunguru na mbwa wa jirani kabla ya kima. Manati watu wengi wanatumia kutisha, wanavuta bila jiwe na kima anakimbia, hiyo sawa. Ukiweka jiwe siku moja utatoboa jicho.

Kuna mtoto analia kwa dari usiku, watu wanasema jini.

Komba. Sauti yake kweli ni ya mtoto na inatisha, sikulaumu. Ziba tundu jioni akishatoka kutafuta chakula, sio mchana akiwa ndani amelala.

Nimenunua ploti, nataka kujenga. Mtanizuia?

Hatuna uwezo huo na hatutaki. Vibali vya kaunti na vya mazingira utafuata mwenyewe. Tunachoomba, kabla hujaleta tingatinga, tutembee ploti pamoja saa moja. Tunaangalia miti mikubwa iko wapi, na kama unaweza kusogeza nyumba mita tatu ukabakiza mstari wa miti upande mmoja unaoungana na wa jirani. Mbega hahitaji ploti yako yote, anahitaji njia.

Wenye ploti wengi tuliotembea nao hawakujua hilo. Walidhani tutawaambia wasijenge. Mzee mmoja alibadilisha geti likaenda upande wa pili ili mkwaju ubaki, na sasa anajisifu kwa kila mgeni kama vile yeye ndiye aliyeuotesha.

## Ufuoni na kaya

Nimeona kasa ametaga. Nichimbe mayai niyafiche?

Usiguse. Kasa anataga mayai mia na zaidi kwa shimo moja, yanakaa kama miezi miwili. Ukiyageuza au kuyahamisha bila kujua unaua kilicho ndani. Kama shimo liko chini sana na bahari italifikia, wapo waliofundishwa na wenye ruhusa ya kulihamisha, wewe weka alama kwa macho, usiweke bendera kubwa ya kualika wezi, toa taarifa.

Unachoweza kufanya leo ni taa. Vitoto vya kasa hutoka usiku na kufuata mwanga, na zamani mwanga mkubwa ulikuwa bahari. Sasa mwanga mkubwa ni baa. Zima taa zinazotazama ufuo au zifunike zimulike chini. Na wakitoka waache watembee wenyewe mpaka majini, bila flashi, bila kuwabeba hata kama unawaonea huruma.

Tunaweza kufanya usafi ndani ya kaya?

Si bila wazee. Kaya si bustani. Kaya Kinondo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini ilikuwa inalindwa na Wadigo kabla UNESCO haijazaliwa, kwa masharti yake: unajifunga kaniki nyeusi, huvunji tawi, hutoki na kitu hata jani. Wazee wakituita tunakwenda, wakisema leo hapana ni hapana na hatuulizi kwa nini. Kama unataka kuona msitu wa huku ulivyokuwa kabla ya ploti, nenda ukatembezwe, lipa kiingilio chao.

Na mikoko ya Gazi?

Wana mpango wao, Mikoko Pamoja, tangu 2013, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inainyonya na kuihifadhi, na hela inarudi kijijini kwa maji na shule. Wakitangaza siku ya kupanda tunakwenda kusaidia, ni hivyo tu.

## Yale magumu

Nimeokota mtoto wa kima, mama yake hayupo.

Umeangalia vizuri kama hayupo? Rudi nyuma hatua nyingi, kaa kimya nusu saa. Mara nyingi mama yuko juu anasubiri wewe uondoke. Kama mama kafa kweli, usimpe maziwa ya ng'ombe, usimpeleke kwa watoto wakacheze naye, muweke kwa boksi lenye kitambaa, gizani, na upige simu. Kumfuga bila kibali ni kosa hata kama unampenda, na kima mtamu wa miezi mitatu ni kima wa meno akiwa na miaka minne.

Mbega amening'inia kwa waya, bado anapumua.

Usimguse, usitumie fimbo, hata iliyo kavu. Weka watu mbali, ita watu wa stima wazime, na Colobus wapate habari wakati huohuo. Akiwa ameshakufa na ameanguka pia ripoti, usizike kwanza. Mahali alipofia panaandikwa, na hiyo ndiyo inayosaidia kujua nguzo ipi ianze kufunikwa.

Nimeumwa.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, tazama saa. Kisha hospitali ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Kitunguu na mafuta ya taa usipake.

Mbona mnatetea kima lakini kunguru mnataka wauawe?

Swali zuri na lilituchukua jioni nzima kubishana. Kunguru hawa wa kijivu shingoni si wa hapa, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani yote, na wanakula mayai na makinda ya ndege wa kwetu. 2024 KWS walitangaza mpango wa kuwapunguza, wakataja kunguru milioni moja. Hiyo ni kazi ya wenye leseni na sumu maalum. Kwetu sisi kunguru ni swali lilelile la pipa (angalia kima wa jikoni). Wenzangu wawili kwa grupu hawakubaliani kabisa na kuua na wanaendelea kuja Jumamosi, hakuna shida.

Mtego ni wa jirani yangu na ana watoto wanakula. Nimshtaki?

Hatutakudanganya kwamba ni rahisi. Kutega ni kosa na adhabu yake ni kali. Kama mtu anategea biashara, nyama inakwenda Ukunda kwa gunia, hilo ni la KWS na utupe habari bila jina lako. Kama ni jirani na ni paa mmoja kwa mwezi, sisi tumewahi kwenda kwa mzee wa mtaa kwanza, tukakaa mkekani, tukaongea. Mmoja aliacha. Mwingine alisema ameacha, na tukakuta kitanzi kingine hatua ishirini kutoka pale pale, waya uleule wa breki. Wa kwanza siku hizi anatembea na sisi, na ndiye anayeona mitego ambayo sisi wote tumeshaipita, anasimama, ananyoosha kidole chini bila kusema kitu.